Jirani Yetu Mgane wa Mtaa wa Bahati

Nilihamia Bahati na mtoto mgongoni na cherehani ya mkono ndani ya gunia, nikiwa nimetoka kwa mume wangu bila kuaga. Ilikuwa miaka ya sabini. Dada yangu, aliyekuwa akiuza mboga kwenye soko la Burma, ndiye aliyenitafutia chumba: kuta za chokaa, dirisha dogo, na mlango uliofunguka moja kwa moja kwenye uchochoro uliotenganisha laini yetu ya nyumba na laini ya pili. Mwishoni mwa uchochoro kulikuwa na mfereji wa maji wa pamoja, na asubuhi yangu ya kwanza niliamshwa na wanawake waliokuwa wakigombania zamu ya ndoo. Nikalala pale pale kitandani nikiwasikiliza. Ilinichukua muda kutambua kilichokuwa kigeni asubuhi ile: nilikuwa nimeamka na sikuogopa siku.

Mimi ni mtu wa upande wa Murang'a. Kwetu wakati ule mwanamke aliyemwacha mume hakuwa na cheo. Hakuwa msichana, hakuwa mke, hakuwa mjane. Kwa hiyo nilipokwenda mferejini na ndoo yangu, swali la kwanza lilikuwa, "Na baba mtoto yuko wapi?"

Kabla sijapata la kusema, mama mmoja mnene, mwenye kitambaa cheupe kichwani, alinijibia. "Yuko alikoachwa. Mpeni maji, mtoto wake analia."

Huyo alikuwa mama wa uji. Kila alfajiri alipika uji wa wimbi kwenye pipa, akaupeleka kwa mkokoteni hadi kwenye malango ya viwanda vya Industrial Area, akawauzia vibarua waliokuja kutoka Mukuru na kwingineko kungoja kazi ya siku. Mumewe alikuwa amefariki miaka mingi nyuma, na watoto walikuwa wakubwa. Alikuwa mjane, lakini sikuwahi kuona nyumba iliyokuwa na watu wengi kama yake. Wanawake walipita kuomba moto wa jiko wakakaa hadi chakula kikaiva. Wasichana wa mtaani walimpelekea siri zao. Jumamosi alasiri akina mama wa kanisa walibanana kitandani kwake wakinywa chai, na mimi, mgeni, nikavutwa humo kabla sijajua majina yao. Niliweka cherehani yangu kwenye kibanda kando ya soko, nikaanza kushona sare za shule na marinda. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nimenenepa.

Mkabala na mlango wangu waliishi fundi wa akala na mkewe. Walikuwa watu wa magharibi, upande wa Kakamega, na walikuwa wamekaa Bahati muda mrefu kuliko wote. Fundi alifanya kazi Kariokor, akikata matairi mabovu na kuyageuza viatu ambavyo mtu angevaa hadi achoke navyo yeye mwenyewe. Alikuwa mrefu, mwenye mikono iliyonuka mpira na gundi, na maneno machache sana. Mkewe ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili. Aliimba sauti ya kwanza katika kwaya, na alipoosha vyombo nje tulijua wimbo wa Jumapili ijayo utakuwa upi. Ukitaka kumuuliza fundi jambo ulimuuliza mkewe. Fundi akitaka kujua jirani gani mgonjwa, nani kajifungua, nani anahama, aliambiwa wakati wa kula. Binti zao wawili walikuwa wameolewa, mmoja Mumias na mwingine Eldoret.

Kisha mkewe akaugua. Ugonjwa uliingia kama homa, ukashuka tumboni, na hospitali ikamweka, ikamrudisha, ikamweka tena. Alifariki majira ya mvua ndefu. Mtaa ulifanya kila kilichostahili kufanywa. Tulichanga, tukaimba jioni baada ya jioni, tukakodisha basi, nusu ya laini yetu ikasafiri hadi kaburini. Fundi alishukuru kila mtu kwa mkono. Kisha akarudi Nairobi, akafungua mlango wake, akaingia, akaufunga.

Nataka kueleza vizuri kilichotokea baada ya hapo, kwa sababu hakuna aliyefanya ubaya. Mama wa uji alipofiwa na mumewe, nilisimuliwa, wanawake walilala naye chumbani kwa zamu hadi yeye mwenyewe akawafukuza. Lakini fundi alikuwa mwanamume. Mwanamke gani angeingia chumba cha mgane peke yake na kuketi kitandani, na kiti kilikuwa kimoja tu? Wanawake waliomzoea mkewe waliacha kupita, si kwa chuki bali kwa heshima. Wanaume nao walimsalimu mferejini. Walimshika mkono, wakautikisa, wakasema, "Jikaze, fundi. Ndiyo dunia." Akajibu, "Ndiyo dunia." Wakaenda zao. Niliyasikia mazungumzo hayo kutoka mlangoni mwangu mara nyingi, na kila mara nilidhani wamezungumza.

Miezi ikapita. Alienda kazini, akarudi. Redio yake, iliyokuwa ikitangaza mpira kila Jumamosi hadi tukajua wachezaji bila kuwaona, ilinyamaza. Aliacha kunyoa ndevu. Jiko lake sikuliona nje tena. Nilidhani anakula Kariokor.

Wakati huohuo, katika laini ya pili, kijana mmoja kapera aliyekuwa mpangaji wa peke yake alijitoa uhai. Sitasema mengi juu yake. Alikuwa mpole, alifanya kazi ya usiku kiwandani, na wengi wetu hatukujua hata kwao ni wapi. Polisi walikuja, mwili ukachukuliwa, na hatukufanya ibada. Wakati ule hata jambo lenyewe lilitajwa kwa kunong'ona. Mtu akijaribu na kunusurika alifikishwa mahakamani kama mwizi, na akifa, baadhi ya wachungaji walikataa kumwombea. Mferejini watu walikuwa na maelezo yao tayari.

"Angekuwa na mke hangefanya hivyo," alisema baba mmoja mfanyakazi wa reli, aliyekaa mlango wa tatu kutoka kwangu. "Mwanamume asiye na mke huwaza sana."

Wengi waliitikia. Mimi nilichota maji yangu nikaenda zangu. Kwa maana mimi nilikuwa nimeolewa, na katika ndoa hiyo, kwenye nyumba nzuri yenye bati jipya, kulikuwa na asubuhi ambazo nilitamani zisinikute. Mume wangu hakunipiga tu; alinikataza dada yangu, akanikataza kanisa, akanikataza kusimama na majirani. Sikuwa peke yangu hata siku moja na sikuwa na mtu. Aliyeniondoa ni dada yangu, aliyepita na kikapu cha mboga akijidai amepotea njia, akaniangalia usoni, akaniuliza, "Unawaza kufa?" Nilishangaa alijuaje. Nikasema ndiyo, na nilipolitamka ndipo nikaweza kupanga safari.

Kwa hiyo nadhani nilikuwa na jicho la jambo hili, ingawa sikujijua.

Alasiri moja fundi alikuja kwenye kibanda changu akiwa na kifurushi cha gunia. Hakuwa amewahi kufika pale. Alikuwa amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi, na uso wake ulikuwa mtulivu kuliko nilivyouona tangu msiba. Nilifurahi. Nikasema moyoni, sasa amepona.

"Binti," alisema, "nimemletea mtoto viatu."

Alifungua kifurushi juu ya meza yangu. Zilikuwa sandali za ngozi, si akala za matairi. Ngozi nzuri, zenye mshono wa mkono na vifungo vidogo vya shaba. Jozi ya kwanza ilikuwa ya mguu wa binti yangu vile ulivyokuwa. Ya pili ilikuwa kubwa kidogo. Ya tatu kubwa zaidi. Aliendelea kuzipanga kwenye meza, juu ya sare za watu, hadi ya mwisho ambayo ningeweza kuivaa mimi.

"Hii ya mwaka ujao," alisema. "Hii akianza darasa la kwanza. Hii akiwa msichana mkubwa. Hutahangaika."

Nilianza kucheka kwa furaha, kisha nikahesabu zile jozi. Nilimtazama. Nikakumbuka kwamba juma lile alikuwa amempa baba wa reli redio yake, na kwamba mke wa baba wa reli alikuwa amesema mferejini, "Fundi amekuwa mkarimu ajabu."

"Na wewe utakuwa wapi, baba?" nikamuuliza.

Alikunja gunia lake vizuri, mara mbili. "Nipo," alisema. Kisha akaondoka, si kwa njia ya Kariokor bali kwa njia ya nyumbani.

Niliacha nguo ya mteja ikiwa bado chini ya sindano. Nilimwomba mwuza viazi wa kibanda cha pili aniangalizie vitu, nikakusanya zile sandali zote kwenye kanga, nikakimbia. Sikwenda kwa fundi moja kwa moja. Nasema ukweli, niliogopa maneno ya watu. Mwanamke aliyeacha mume akionekana anaingia kwa mgane saa tisa mchana, mtaa usingelala. Nilienda kwa mama wa uji, nikamkuta anasugua pipa lake. Nilimwaga sandali mbele yake na kumwambia.

Alifuta mikono kwenye rinda, akasema, "Beba hivyo viatu. Twende."

Fundi alikuwa ndani, ameketi kitandani, mlango umerudishiwa tu. Mama wa uji aliusukuma, akaingia, akaketi kwenye kile kiti kimoja. Mimi nikabaki nimesimama na kanga yangu. Chumba kilikuwa kimefagiliwa kikawa kama cha mtu anayehama. Vyombo vya mkewe vilikuwa vimefungwa kwenye karatasi za magazeti.

"Fundi," alisema mama wa uji, kwa sauti ileile aliyoitumia kumuuliza mtu kama anataka sukari. "Unataka kujiua?"

Nilidhani atakasirika. Nilidhani tutafukuzwa. Lakini hakukasirika.

"Sijui nataka nini, mama," alisema. "Nataka tu nipumzike."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Umekula nini leo?"

Ndipo akalia. Sikuwahi kumwona mwanamume mzima akilia hivyo. Alilia akiwa ameinamisha kichwa kati ya magoti, na mama wa uji hakumwambia ajikaze. Alisogeza kiti karibu, akamwekea mkono mgongoni, akangoja. Mimi nilitoka nje kuwasha jiko. Niliwasha la kwangu, nikalibeba hadi mlangoni pake, watu wakaona, na sikujali tena.

Alipoweza kusema alisema mengi, yeye asiyekuwa na maneno. "Kila mtu ananisalimu," alisema. "Hakuna anayeingia. Mke wangu alipokuwapo, mlango huu haukufungwa. Nilidhani ni rafiki zetu. Kumbe walikuwa rafiki zake. Mimi nilikuwa nyuma yake tu, nakula."

"Na sisi tulidhani unataka kuachwa utulie," nilisema.

"Nani alisema nataka kutulia?"

Hakuna aliyekuwa amesema. Tulikuwa tumedhani tu.

Mama wa uji alizichukua sandali, akabakisha ile jozi ya kwanza, zingine akazirudisha kitandani kwa fundi. "Hii inamtosha mtoto sasa," alisema. "Akikua utampima mguu mwenyewe. Miguu ya watoto haitabiriki."

Jioni hiyo hatukumwacha peke yake. Mama wa uji alimtuma baba wa reli aingie na godoro lake, akalale mle ndani. Baba wa reli alianza kusema habari ya polisi na sheria, akanyamazishwa. Akaanza habari ya mchungaji. Akaambiwa mchungaji atakuja, lakini kwanza daktari. Katika laini ya nyuma aliishi muuguzi mmoja, mwanamke mkali mwenye saa iliyoning'inia kifuani. Tulimngoja atoke zamu. Alimsikiliza fundi akiwa amesimama, kisha akaketi, kisha akavua viatu, na tukajua jambo ni zito. Kesho yake alimpeleka mwenyewe hospitalini kwa daktari aliyemwamini. Fundi alirudi na dawa na amri ya kurudi tena kila baada ya muda, na neno moja lililowashangaza wanaume wa laini yetu: kwamba ule ni ugonjwa, si uzembe wala laana, na mgonjwa wake asiachwe kukaa peke yake.

Hapo ndipo vikao vilipoanza. Binti yake wa Mumias alikuja, akataka kumchukua nyumbani. Fundi alikataa.

"Kule nina shamba na kaburi," alimwambia. "Hapa nina kazi. Mtu akikatikiwa na kamba ya kiatu Kariokor ananitafuta mimi."

Wanaume wakasema basi aoe. Baba wa reli aliyachukua hayo kama kazi ya serikali. Alimtafuta binamu wa mtu, mwanamke mwenye adabu, akamleta Jumapili moja akiwa amevaa kofia. Fundi alimkaribisha kwa heshima, akampa chai aliyoipika mwenyewe, mbaya mno, na wote wawili wakaketi wakitazama ukuta. Alipoondoka, fundi alimwambia baba wa reli, "Ndugu yangu, yule mama hana kosa. Lakini mnataka aje ashike nafasi ambayo bado ina mtu."

"Utaweza vipi bila mke?" baba wa reli alimwuliza kwa huruma ya kweli. Alikuwa na hofu. Nadhani alimwaza yule kijana wa laini ya pili.

Mama wa uji ndiye aliyejibu. "Mke si dawa ya kumeza asubuhi na jioni. Mimi sina mume na nimenona. Huyu binti hana mume na anashona akiimba. Mkewe alimletea watu, ndio hao waliomshika. Basi tumletee watu."

Ndivyo ilivyofanyika, ila haikuwa rahisi kama kusema. Kwanza tulijaribu kumlisha kwa zamu, leo nyumba hii, kesho ile. Alikuja siku chache kisha akaacha. Alisema anajiona mwombaji. Ndipo mama wa uji akamwambia mgongo unamuuma, pipa limemshinda. Sijui kama mgongo ulimuuma kweli. Fundi akaanza kusukuma ule mkokoteni kila alfajiri hadi Industrial Area kabla ya kwenda Kariokor. Vibarua walimzoea. Alikuwa anashika kikombe cha uji kwa mkono mmoja na kiatu cha mtu kwa mwingine, akikikagua. Asipofika, watu waliuliza, "Mzee wa viatu yuko wapi leo?" Siku moja alinirudia na swali hilo kama zawadi. "Wameuliza niko wapi," alisema. "Watu nisiowajua!"

Jambo la pili lilikuwa la kwaya. Viongozi wa kwaya walikuwa wakitafuta mahali pa mazoezi, kwa kuwa ukumbi wa kanisa ulikuwa ukirekebishwa. Chumba cha fundi kilikuwa na nafasi, na wanawake kumi wakiingia kwa mgane pamoja hakuna wa kusema neno. Alitengeneza mabenchi. Kila Alhamisi jioni walijaa mle ndani, waume zao wakisimama uchochoroni wakijidai wanazungumza habari za mpira, na fundi akiwapikia chai iliyoboreka polepole. Mwanzoni alitoka nje walipoimba nyimbo za mkewe. Baadaye aliketi mlangoni. Baadaye alikuwa ndani, na iligundulika kwamba alizijua sauti zote nne, maana alikuwa amezisikia nyumbani miaka yote bila kuulizwa. Wakamtia kwenye besi, pamoja na wanaume wachache wa kwaya.

Ukumbi wa kanisa ulipokwisha kurekebishwa, hakuna aliyetaja kurudi huko.

Alikuwa na siku mbaya. Msimu mmoja wa baridi, mwezi wa saba, mlango wake ulifungwa tena na hakuja kusukuma mkokoteni. Mama wa uji hakugonga, aliingia. Muuguzi akamrudisha kwa daktari, dawa zikabadilishwa, na baba wa reli akarudi na godoro lake bila kuitwa. Alirudisha na ile redio, akasema inakoroma nyumbani kwake, labda imezoea chumba hiki. Baada ya wiki kadhaa tulisikia mpira ukitangazwa.

Katika siku zile za baridi ndipo alipokuja tena kwenye kibanda changu, akaketi juu ya gunia la vitambaa, akakaa pale mchana mzima nikishona. Nilimwacha. Karibu na jioni aliniuliza, "Wewe ulijuaje siku ile?"

Nikamwambia. Sikuwa nimemwambia mtu mwingine isipokuwa dada yangu.

"Lakini ulikuwa na mume," alisema.

"Nilikuwa naye, baba. Ndiyo sababu."

"Basi si ndoa," alisema polepole. "Mimi ilinishika, wewe ilikuangusha."

"Labda ni kama nyumba," nilisema. "Inategemea kama madirisha yanafunguka."

Alicheka, mara ya kwanza mbele yangu tangu msiba. "Wewe ungekuwa mhubiri," alisema. Kisha akanisaidia kufunga kibanda.

Watu walisema, bila shaka. Mzee mmoja wa kanisa aliniita pembeni akaniuliza kama kuna jambo kati yangu na fundi ambalo kanisa linafaa kulijua. Nilimwambia lipo: fundi alikuwa amekaribia kufa, naye mzee hakuwa amemtembelea hata mara moja. Alhamisi iliyofuata alifika kwenye mazoezi ya kwaya, akanywa vikombe vitatu vya chai, na akawa mtu wa kudumu. Alikuwa na sauti mbaya sana, lakini hatukumfukuza.

Miaka ya themanini ilipoingia fundi alifanya jambo lililotuchekesha wote. Alivaa koti, akaenda kwa mama wa uji mchana kweupe, akamwomba waoane. Mama wa uji alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu zote. Mimi nilikuwa pale, nikichambua maharagwe, na sikuruhusiwa kuondoka.

"Fundi," alisema, "mimi nakupenda. Lakini nimefua soksi za mwanamume mmoja maisha yangu yote na zinatosha. Wewe njoo ule. Kisha urudi kwako, na mimi nilale katikati ya kitanda."

Nilidhani moyo wake utavunjika. Nilikuwa tayari kwenda kumwita muuguzi. Lakini alivua koti, akalitundika kwenye msumari, akasema, "Chakula gani?" Wakabaki hivyo, wakila pamoja karibu kila siku, wakibishana juu ya chumvi, kila mmoja na mlango wake.

Mimi nilihamia Umoja binti yangu alipoingia sekondari, nikafungua duka la kushona lenye mlango wa kioo. Niliwahi kutakwa na mwanamume mwema, mwalimu, nikamfikiria kwa muda mrefu, nikamkatalia kwa upole, na sijajuta. Si kwamba niliichukia ndoa. Dada yangu ameolewa na anafurahi hadi anachosha. Mimi nilikuwa nimeshajaa. Nilikuwa na binti, dada, wateja, akina mama wa Jumamosi, na laini nzima ya Bahati niliyoirudia kila mwisho wa mwezi kama mtu arudiye kwao.

Mkono wa fundi ulipoanza kutetemeka asiweze kukata mpira, alistaafu, akarudi kwao upande wa Kakamega kwa hiari yake. Kwaya ilimsindikiza hadi kituo cha basi ikiimba, na kondakta akakataa kuondoa gari kabla wimbo haujaisha. Miaka michache baadaye nilimtembelea. Nilimkuta chini ya paa la jiko, amezungukwa na wajukuu na ndugu, akigombana na kaka yake juu ya mpaka wa ua, kwa furaha kubwa. Kaka yake naye akimjibu huku akimmenyea muwa. Alikuwa amezeeka vizuri. Aliniletea kuku mwenyewe, akanitazama nikianza kula.

"Bado hujaolewa?" aliniuliza.

"Bado."

"Na mama wa uji?"

"Analala katikati ya kitanda."

Alicheka hadi akakohoa, mjukuu mmoja akaja kumpiga mgongo. Kisha akanisogezea bakuli la mchuzi, akaniambia nile haraka, maana majirani wake walikuwa wameshasikia kwamba ana mgeni kutoka Nairobi, na wote walikuwa njiani wakija.